Kiti cha Dirishani katika Mji wa Kongosho

Hapo zamani, sogeeni karibu, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, palikuwa na mji mdogo kuliko punje ya chumvi. Mji huo ulikuwa ndani ya kongosho la bwana mmoja mpenda kula, jina lake Mwinyikombo. Msinicheke. Kila mmoja wenu ana miji kama hiyo tumboni mwake, maelfu kwa maelfu, na hajawahi kuishukuru hata mara moja.

Kazi ya mji ilikuwa moja: kutengeneza dawa iitwayo insulini na kuimimina nje, kwenye mto wa damu, kila sukari inapozidi. Ukuta wa mji haukuwa wa mawe wala wa udongo. Ulikuwa utando laini, na vifuko vya kubebea dawa vilikuwa vya utando huohuo. Mchukuzi akifika ukutani, kifuko chake kiliungana na ukuta, kikafunguka, dawa ikamwagika mtoni. Mchukuzi alirudi mikono mitupu. Kifuko kilibaki huko, kikawa ukuta.

Msimamizi wa ghala alikuwa Bi Mwatumu, mwenye sauti kubwa na moyo mwepesi. Katika mji mzima palikuwa na kiti kimoja tu dirishani, cha kutazamia mto ukipita. Aliyekikalia alikuwa amepumzishwa kazi maisha yake yote. Mwaka ule kilibaki wazi, zamu ikawa ya Bi Mwatumu, naye alikuwa amekingoja kiti hicho tangu usichana wake.

Basi siku moja Mwinyikombo akamwoza binti yake. Akala biriani. Akala kalimati. Akashushia sharubati. Akaambiwa aonje halua, akaonja sahani nzima. Sukari ikafurika mtoni.

"Tokeni!" akapaza sauti Bi Mwatumu. "Mimineni vyote, asibakize mtu!"

Wakabeba, wakamimina. Wakabeba, wakamimina. Sukari ikashuka. Na kwa kuwa kila kifuko kiliongeza utando ukutani, mji ukatanuka, ukuta ukalegea na kupepea. Watu wakapiga vigelegele. "Mji wetu unakua! Tumekuwa mji mkubwa!" Ngoma ikaanza. Bi Mwatumu naye alicheza, tena alikata kiuno, lakini msimwambie kuwa nimesema.

Huko juu, Mwinyikombo akaletewa keki.

Bi Mwatumu akakimbilia ghalani. Dawa ilikuwepo, mapipa tele. Vifuko havikuwepo. Vyote vilikuwa vimekuwa ukuta, na kutengeneza utando mpya ni kazi ya siku nzima. Mwinyikombo akashikwa na kiu. Macho yakaanza kuingia ukungu, naye alikuwa bado hajamuaga binti yake.

Bi Mwatumu aliona haya, akaogopa kwelikweli. "Mimi ndiye niliyesema asibakize mtu," alisema. "Sikilizeni. Kiti cha dirishani ni changu mwaka huu. Atakayetuokoa, namwachia."

Akajitokeza Chiku, mchukuzi ambaye wenzake walimwita mchoyo. Mkononi alikuwa na kifuko, kimoja tu katika mji mzima. Yeye hakuwa amekiacha kiungane na ukuta. Alikigusisha tu, akakifungua mdomo kidogo, akamimina, akakifunga, akarudi nacho. Sasa akakijaza tena. Akaenda, akamimina, akarudi. Akaenda, akamimina, akarudi. Mara ishirini, peke yake. Sukari haikushuka, lakini haikupanda.

Akajitokeza Shembilu, mfumaji wa nyavu. Akatandaza nyavu zake kwenye ukuta uliolegea, akauvuta kwa ndani. Utando ukabonyea, ukawa kama kifuko. Akavuta hapa, akavuta pale, mpaka vikafika mia. Lakini vyote vilining'inia ukutani kwa shingo, midomo ikiwa wazi kwa nje. Ungejaza nini humo?

Akajitokeza Kidawa, mkataji. Akazungusha kamba kwenye shingo ya kifuko, akaikaza, akakata. Kifuko kikadondoka ndani, kizima, kimefungika. Kila mkato ulimla nguvu. Alipofika mia alianguka, akabebwa.

Watu wakajaza. Wakabeba, wakamimina. Sukari ikashuka. Mwinyikombo akafuta jasho, akasimama, akamuaga binti yake kwa maneno matamu hata mashangazi wakalia kwa raha. Kule chini furaha ilikuwa kubwa zaidi. Bi Mwatumu akaenda kukileta kiti, akakuta watatu wanamngoja.

"Shikamoo mama," alisema Chiku. "Wenzangu walipokuwa hawana hata kimoja, mimi nilikuwa nacho. Bila mimi msingepata hata muda wa kuvuta wala kukata."

"Lakini ulikaidi amri yangu, mwanangu."

"Nilikaidi, mama. Na kama ningetii?"

Bi Mwatumu akamgeukia Shembilu.

"Kifuko kimoja hakimalizi harusi," alisema Shembilu. "Mimi nimewarudishia mia. Mkataji angekata nini bila mimi? Angekata hewa?"

"Na ulipouona ukuta unalegea, ulisema?"

Shembilu akainamisha kichwa. "Niliuona mapema, Bi Mwatumu. Mlikuwa mnacheza kwa furaha. Nikaona vibaya kuwakatiza."

Kidawa alikuwa amelala mkekani. Alisema kwa sauti ndogo, "Kazi yangu ni kukata kila siku, wakati watu wanamimina. Leo niliweka kamba chini nikaenda ngomani. Kosa ni langu. Lakini vya Shembilu vilikuwa mashimo tu ukutani. Mimi ndiye niliyevifanya vifuko, na sijui kama nitasimama tena."

Bi Mwatumu akawatazama. Akimpa Chiku, kila mchukuzi atajifunza kukaidi. Akimpa Shembilu, nani atauvuta ukuta kesho? Akimpa Kidawa, atakuwa amemtuza aliyeiacha kazi yake, na akimnyima, atakuwa amemnyima aliyejimaliza kwa ajili yao. Na kesho, jamani, Mwinyikombo amealikwa maulidi, na ameshakubali.

Kiti kiko mikononi mwa Bi Mwatumu, naye amekipenda tangu usichana wake. Atakitoa mara moja tu. Haya, semeni ninyi wenye matumbo: je, nani alistahili kukikalia?