King'ora cha Alhamisi

Hapo zamani, na nikisema zamani msinitafutie enzi za fisi kuoa. Ni zamani ya watu wenye simu na serikali yenye tume. Palikuwa na mji wa mpakani ulioitwa Visimani. Ng'ambo ya mpaka walijificha magaidi, upande wa huku palikuwa na kambi ya jeshi, na kati ya kambi na mji palikuwa na soko la Alhamisi. Mpo? Haya, semeni mpo, nisije nikasimulia ukuta.

Alhamisi moja magaidi waliingia sokoni mchana kweupe, na watu kumi na mmoja hawakurudi nyumbani. Nchi nzima ikalia, kisha ikauliza: jeshi lilikuwa wapi? Serikali ikaunda tume ya kuchunguza sera na utayari wa jeshi dhidi ya ugaidi, ikamweka mwenyekiti, Jaji mstaafu Bi. Nambua, mama mtaratibu asiyepandisha sauti hata akikanyagwa kidole. Tume ilitakiwa kusema mambo mengi, lakini mwisho wa yote ilitakiwa kumtaja mtu mmoja mwenye kosa kubwa kuliko wenzake, ashtakiwe. Mmoja tu. Bi. Nambua alijua mtu huyo angekwenda jela. Alijua pia kwamba serikali ikishampata mmoja hufunga jalada ikalala usingizi.

Basi akasafiri mpaka Visimani, akaketi katika ukumbi wa shule, na wafiwa wakajaa kwenye madawati.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Jenerali Mbonde, mwenye kuandika amri za mazoezi ya jeshi zima.

"Jenerali, siku ile king'ora kililia?"

"Kililia, Mheshimiwa Jaji."

"Askari wakatoka?"

"Walitoka mbio, na bunduki mkononi."

"Mbona hawakupiga hata risasi moja?"

Jenerali akashusha pumzi. "Bunduki zilikuwa tupu. Siku ya mazoezi risasi hufungiwa ghalani. Ni amri yangu. Mwaka uliotangulia, katika mazoezi kama hayo, risasi ilimponyoka askari ikamuua mtoto mdogo hapa hapa Visimani. Mimi ndiye niliyekwenda kwa mama yake. Niliapa haitatokea tena, na haikutokea tena. Kufunga risasi si kosa. Kosa ni la aliyemwezesha adui kujua tunazifunga siku gani na saa ngapi."

Macho yote yakamgeukia Kapteni Lwitiko, mkuu wa kambi. Akasimama kabla hajaitwa.

"Saa niliiweka mimi," alisema. "Zamani tulikuwa tunapiga king'ora ghafla, siku yoyote, kama sera inavyotaka. Siku moja watu wakakanyagana sokoni. Mzee mmoja akafa, mama mmoja akaharibikiwa na mimba. Toka hapo mji ukatununia. Askari wangu akiomba maji anaambiwa kisima kimekauka. Na Mheshimiwa, jeshi linalonyimwa maji hunyimwa na habari. Ndipo wanawake wa soko wakaja kuniomba, nikakubali: mazoezi yawe Alhamisi, saa nne, kila wiki. Tukapewa maji. Tukapewa na habari pia. Wachungaji wa mifugo walituonyesha mabomu mawili yaliyofukiwa barabarani. Hatari yake niliijua? Niliijua. Nilichagua kuaminiwa na watu."

Hapa nisimame kidogo niwaambie kilichofuata, maana Visimani ni watu wa mzaha. King'ora kilipokuwa na saa yake, soko halikukimbia tena. Kikilia, wanawake waliinua mabirika, kwa sababu askari walikuwa wanakuja na bunduki tupu na kiu tele. Wenyewe wakaiita chai ya king'ora. Wauza khanga walipunguza bei mpaka mlio uishe. Adui wa kufikirika alikuwa anashindwa kila wiki, na ushindi unasindikizwa na mandazi. Wahenga hawakukosea waliposema mazoea yana taabu.

Aliyeanzisha chai hiyo alikuwa Mama Gumato, kiongozi wa wanawake wa soko. Akaja mbele polepole, akakataa kiti.

"Dada yangu Jaji, mimi ndiye niliyekwenda kuomba. Nilimbembeleza Kapteni mpaka akaona haya kukataa. Siku ile king'ora kilipolia, mkamwana wangu Talaso alitaka kukimbia. Alisema, 'Mama, leo kimelia kabla ya wakati.' Nikamcheka. Nikamwambia, 'Mimina chai wewe, askari wana kiu.'" Talaso alikuwa mmoja wa wale kumi na mmoja. "Niandike mimi, dada. Hiyo jela yenu haitaishinda hii niliyomo."

Bi. Nambua akamjibu kwa upole, "Sheria haimfungi mtu kwa kuomba, mama."

"Basi sheria yenu ina mapungufu," alisema Mama Gumato, akarudi kwenye dawati lake.

Bi. Nambua alitamani kuahirisha kikao. Roho ilimuuma, naye hakuwa mtu wa kuumwa roho mbele za watu. Lakini alikuwa amebaki mmoja, Koplo Kizito, aliyekuwa zamu juu ya mnara.

"Niliwaona," alisema Koplo. "Pikipiki tatu, kutoka upande wa mpakani. Nikabonyeza king'ora. Nilipotazama chini sokoni, nikaona mabirika yanainuliwa."

"Wewe risasi ulikuwa nazo?"

"Nilikuwa nazo. Mlinzi wa mnara hanyang'anywi risasi."

"Ungepiga moja hewani ingekuwaje?"

"Wangekimbia, Mheshimiwa. Mlio wa risasi haukuwamo katika mazoezi, kila mtu alijua."

"Kwa nini hukupiga?"

"Amri inasema king'ora kikiwa kinalia, mnara haupigi bila idhini. Niliomba idhini kambini kwa redio. Mwaka juzi niliona kivuli cha fisi nikadhani mtu, nikapiga hewani bila idhini. Nikavuliwa usajini, nikawekwa mahabusu, mke wangu akarudi kwao. Safari hii nikajiambia, Kizito, tii. Idhini ilipokuja walikuwa wameshachanganyika na watu. Kupiga kungekuwa kuwaua wetu."

Ukumbi ukalipuka. "Ndiye huyo!" akapaza sauti mwanamume mmoja mfiwa. "Alitakiwa kupiga!" Mwingine akamkatiza, "Ametii! Tangu lini askari akafungwa kwa kutii?" Bi. Nambua aliwaacha waseme mpaka wakachoka. Mwalimu mkuu akaleta chai kuwapoza wageni na wenyeji. Hakuna aliyegusa kikombe.

Watu wakatoka, akabaki peke yake na ripoti yake, mstari wa jina ukiwa mtupu. Akimtaja Jenerali, hakuna atakayethubutu tena kufunga risasi, na watoto wa Visimani bado wanapita karibu na kambi. Akimtaja Kapteni, makapteni wote watajua kwamba kuwasikiliza raia ni hatari kuliko kuwakanyaga. Koplo je? Huyu alikuwa na nafasi ya mwisho ya kuwaokoa, na hilo Bi. Nambua hakuweza kulisahau. Lakini alipiga hewani wakamwadhibu, hakupiga wanataka wamfunge. Na Mama Gumato anaililia hukumu wasiyoweza kumpa.

Alifikiri kuuacha mstari mtupu. Lakini sheria ilisema tume ikishindwa kutaja, waziri atataja. Na waziri, jamani, akitafuta mkosaji huanzia chini; huyo Koplo angekuwa mahabusu kabla ya magharibi.

Nje dereva wa serikali alishawasha gari. Chini ya dirisha wafiwa walikuwa wamesimama wakimngoja. Bi. Nambua akavaa miwani, akashika kalamu, akaandika jina moja.

Jina hilo silitamki, maana mimi si jaji wala sikufiwa. Nawaachia ninyi mliosikia wote wanne wakisema. Mngekuwa ninyi mmeshika kalamu ile, na wafiwa wanawatazama dirishani, je, mngeandika jina la nani?