Nasieku na Shemeji wa Njiani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa bonde juu milimani, hata mvua haijui njia yake. Twende?
— Twende, tangulia!

Hapo kale alikuwako msichana, Nasieku, mdadisi kupindukia. Dada yake aliolewa mbali, kwenye bonde kame huko juu. Siku moja habari zikaja: dada kajifungua, maziwa hayatoki, mtoto analia mpaka sauti imemkauka. Nasieku akachukua mbuzi mwenye maziwa, akashika njia asiyoijua.

Akatembea, akatembea, akatembea. Mawe matupu! Na kila jiwe alitaka kulijua. Mbona hili jekundu? Mbona lile lina chumvi? Kutahamaki, njia haipo. Akalia kwa sauti: "Jamani, mtoto wa dada atakufa!"

Ndipo akatokea Fisi, kajitanda shuka hadi puani.

"Shemeji! Mimi ndugu wa mume wa dadako. Nimetumwa kukupokea."

"Ahsante, shemeji! Mto wa huku ulikwenda wapi?"

"Uko chini ya mchanga."

"Na miti ile hunywa nini?"

"Umande. Lo, una maswali wewe! Hebu nami nikuulize: mbuzi wenu ni wangapi?"

Nasieku akashtuka. Nyie wafugaji mnajua: mifugo haihesabiwi! Kuihesabu ni kukaribisha kifo zizini. Shemeji gani huyu? Akatupa jicho chini ya shuka. Kucha!

Apige kelele? Nani amsikie? Akimbie? Aende wapi? Akatabasamu.

"Shemeji, naona haya kuingia bila kutangazwa. Kwetu, anayetangulia kumtangaza mgeni huchinjiwa kondoo. Mkia wote wa mafuta ni wake."

"Mkia mzima?"

"Mzima!"

Fisi akawaza: nile kondoo, kisha nirudi kwa mbuzi na huyu mwenye mbuzi. Huyoo, mbio! Tamaa mbele, mauti nyuma. Nasieku akazifuata nyayo zake mchangani.

Fisi akafika bomani kwa dada akihema. "Hodi! Mgeni yuaja, leteni mkia!" Wanaume wakatoka na mikuki. Mkia alioondoka nao ni wake mwenyewe, tena kaufyata!

Nasieku alipoingia, dada alimpokea mbuzi. Akamkamua papo hapo. Mtoto akanywa, akanywa, akanyamaza. Hapo dada ndipo akalia.

"Mdogo wangu, huku hata wenyeji hupotea. Nani kakuonyesha njia?"

"Fisi, dada."

"Fisi!"

"Alikuwa na njaa. Hakupinda kona hata moja."

Ngano yangu nimeifungulia zizi. Anayeitaka, na akaichunge.