Pimbi Mwanyasi na Mishale Tisa

"Mpo?"

"Tupo!"

"Masikio yapo?"

"Yapo! Mimina ngano!"

Basi namimina, nanyi kingeni.

Hapo kale, kale sana, palikuwa na kilima cha mawe kiitwacho Ndololwa. Waliokaa hapo nitawataja mmoja mmoja, nisimwache mtu. Alikuwapo Pimbi, jina lake Mwanyasi. Alikuwapo mkewe, Mghoi, mja mzito aliyekuwa katika siku zake za mwisho. Alikuwapo Ngiri, jina lake Mwandoe. Wako wanaomwita Nguruwe, lakini nguruwe ni mwingine na ngiri ni mwingine. Alikuwapo Paa, jina lake Wakesho, mjane. Alikuwapo Nungunungu, jina lake Kichamu, fundi wa pinde na mishale. Na juu ya mti mkavu alikuwapo Kunguru. Huyo hakuna aliyempa jina.

Pimbi Mwanyasi alikuwa na upinde mmoja na mishale tisa. Tisa tu. Kila asubuhi alipiga mishale mitatu kwenye shina la mgomba, akaifuata, akaichomoa, akaifuta. Kila asubuhi aliupaka upote, yaani kamba ya upinde wake, mafuta usikauke. Kila asubuhi aliongeza jiwe moja kwenye ukuta wa mlango wa pango lake. Naye Mghoi, kila asubuhi, alijaza kibuyu kimoja cha maji na kukiweka ndani. Ncha za mishale zilikuwa na sumu, kwa hiyo Mwanyasi alizifunga kwa ngozi, moja moja, kama mama afungavyo kidole cha mtoto.

Ngiri Mwandoe alipita akacheka.

"Mwanyasi! Vita na mgomba havijaisha tu?"

"Havijaisha, ndugu yangu. Mgomba ni mkaidi."

"Mgomba hauna meno!"

"Ndiyo maana najifunza kwake."

Siku moja Kunguru akalia juu ya mti mkavu: "Fisi watatu wamevuka mto! Fisi watatu wanakuja!"

Loo! Kilima kizima kikapagawa. Wote wakakimbilia kwa Nungunungu Kichamu. Ngiri Mwandoe alifika wa kwanza, na kikapu cha mtama kichwani.

"Nipe mishale!"

"Mingapi?"

"Yote!"

Siku ya kwanza Ngiri alitoa kikapu cha mtama, akabeba mishale ishirini. Siku ya pili akatoa mihogo yote, akabeba arobaini. Siku ya tatu akang'oa hata boma lake la miiba, akalitoa liwe kuni za fundi, akabeba mishale isiyohesabika. Paa Wakesho naye, kwa kuona wenzake wanakimbia, akatoa akiba yake ya kunde.

Nungunungu akawaambia, "Sikilizeni. Hii ina sumu. Fungeni kila ncha kwa ngozi."

"Ngozi baadaye!" akasema Ngiri. "Leta mishale!"

Akaipeleka nyumbani, akaisukumia ndani ya shimo lake ovyo ovyo, ncha huku, ncha kule, mpaka shimo likajaa.

Mwanyasi akamuuliza, "Ndugu yangu, umejaribu hata mmoja?"

"Kujaribu ni kupoteza mshale! Wewe hata mkia huna, utanifunza mimi kuwa na vitu?"

Usemi ule ulimwingia Mwanyasi. Akarudi pangoni, akamwambia mkewe, "Wenzetu wana mamia. Sisi tuna tisa. Nami siwezi kukukimbiza, na hali yako hii."

Mghoi akasema, "Mume wangu, mishale ya Ngiri imemjua Ngiri lini? Hiyo tisa inakujua. Nenda kaweke jiwe lako la leo."

Akaenda, akaliweka.

Alfajiri ya nne Fisi wakafika. Hawakujitokeza. Walijua kwamba mwenye hofu hupiga kwanza, hutazama baadaye. Wakajificha kichakani, wakacheka: "Hii-hii-hii!" Ngiri na Paa wakapiga kicheko kile kwa mishale. Fisi wakatikisa matawi. Ngiri na Paa wakayapiga matawi. Fisi wakaviringisha gogo. Ngiri na Paa wakalipiga gogo mpaka likawa kama Nungunungu mwenyewe.

Mikono yao ikawa mitupu.

Hapo ndipo Fisi walipotoka, wote watatu.

Ngiri akatimua mbio kwenda kuchukua mishale mingine shimoni. Fisi yu nyuma yake. Nanyi mwajua desturi ya ngiri: haingii shimoni kwa kichwa. Hugeuka, akaingia kinyumenyume, ili pembe zake zibaki mlangoni. Ngiri Mwandoe akageuka, akajirusha ndani kinyumenyume kwa nguvu zake zote. Akapiga ukelele mmoja.

Fisi wakashangaa, wakamwacha. Wakageukia pango la Pimbi.

Paa Wakesho alikuwa amekwisha kufika mlangoni. "Baba, nipokee!"

"Ingia, mama. Kaa karibu na Mghoi, umpe maji. Uchungu umemshika."

Ukuta ulikuwa umefika kifuani. Mwanyasi akasimama nyuma yake, akafungua ngozi ya mshale wa kwanza. Akapiga. Fisi wa kwanza akaanguka. Akafungua wa pili, akapiga, akakosa. Hakupiga kelele, hakuharakisha. Akafungua wa tatu, kama afanyavyo kila asubuhi, akapiga. Fisi wa pili akaanguka. Fisi wa tatu akatazama wenzake, akamtazama yule mnyama mdogo asiye na mkia, akavuka mto akikimbia, wala hakuonekana tena Ndololwa.

Ndani, Mghoi akajifungua mapacha. Paa Wakesho akapiga vigelegele vya mmoja, kisha vya wa pili, na kilima kizima kikaitikia. Nungunungu Kichamu akaja mwenyewe, akaegemea ukuta akautazama jiwe kwa jiwe.

"Mwanyasi," akasema, "ni mimi niliyeichonga mishale hii. Wewe ndiye uliyeifanya silaha."

Pimbi Mwanyasi akasimama wima, mdogo vile alivyo, mapacha mikononi. Siku hiyo hakuna aliyemuuliza mkia.

Fundisho lake ni hili: anayejiandaa kidogo kidogo kila siku hupata ngao, anayerundika kwa hofu hurundika hatari nyumbani mwake.

Ngano nimeimwaga yote, kibuyu ki tupu. Aliyekinga na akampe mwenzake.

Mnauliza, na Ngiri Mwandoe je?

Alikufa asubuhi ileile, shimoni mwake, juu ya mishale yake.