King'ora cha Vumbere

Sogeeni karibu, kila mtu na akili yake, maana hadithi hii mimi siwezi kuimaliza.

Katika kijiji cha Vumbere, huko Upareni, walizaliwa wataalamu watatu. Namkunda aliandika programu za kompyuta. Elinihaki alikuwa fundi wa elektroniki. Kiondo alisomea miamba na udongo. Mlima ulipoanza kupasuka juu ya kijiji chao, wakaamua kutengeneza king'ora cha kuwaonya watu kabla haujaporomoka.

Elinihaki alileta saketi inayoweza kujipanga upya kwa amri ya kompyuta, bila mtu kugusa waya. Akaiunganisha na vifaa vya kunasa mitikisiko, alivyofukia pande zote za bonde.

Namkunda hakuchora mpangilio wowote wa saketi hiyo. Programu yake ilibuni mamia ya mipangilio kwa kubahatisha, ikabakiza iliyo bora, ikaichanganya kama mkulima anavyochanganya mbegu, ikaigeuza kidogo, ikaanza tena. Kizazi baada ya kizazi.

Lakini mpangilio bora ni upi? Hilo lilikuwa la Kiondo. Alirekodi mitikisiko ya mlima uliopasuka, akaitumia kuujaribu kila mpangilio. Uliokosea ulifutwa.

Masika yakaja. Mchana mmoja king'ora kililia, watu wakakimbilia shuleni, ng'ambo ya mto. Hawajapumua, mlima ukafunika nyumba zao na kung'oa daraja. Hakufa hata mtu mmoja. Usiku huo mama mmoja wa kijiji, Nangasu, akajifungulia darasani.

"Mtoto huyu atachukua jina la aliyetuokoa," akasema asubuhi. "Ni yupi kati yenu?"

Kila mmoja akajitaja. Kabla hawajasikilizana, king'ora kikalia tena. Jua lilikuwa linawaka. Safari hii kilionya kuhusu mlima ulio nyuma ya shule, na njia pekee ya kutoka ilikuwa kuvuka mto uliofurika.

"Mwenye haki ya jina ndiye tutakayemfuata," wakasema wazee. "Semeni."

"Tuvuke," akasema Namkunda. "Hata jana sikujua kinajuaje. Nimeuchungulia mpangilio wake, siuelewi. Lakini kilisema kweli."

"Tukizime!" akasema Elinihaki. "Tulikiachia kijirekebishe vifaa vikiharibika. Vimelowa, nacho kimejigeuza tangu jana. Hiki si kile tulichokijaribu. Mto utabeba watoto wetu bure."

Kiondo alikuwa amepiga magoti, viganja chini. "Mimi sisikii kitu. Lakini nilikifundisha mlima ule, si huu. Ngojeni nipande nikaangalie."

"Na kama hakuna nafasi ya kungoja?" akauliza Nangasu.

King'ora hakikunyamaza. Nangasu akamfunga mtoto kifuani, akawatazama wote watatu.

Haya, semeni nyinyi mlionisikiliza. Wote watatu walimwokoa jana. Leo angemfuata nani? Je, wewe ungeamua vipi?