Kwa Nini Watu wa Kitungule Humuuliza Aliyeamka, “Imerudi?”

Zamani hizo, kabla mji wa Kitungule haujawa na msikiti wa mawe, mtu aliyelala aliamshwa vyovyote vile: kwa kumwagiwa maji, kwa kupigiwa sufuria sikioni, na watu wakacheka. Usingizi haukuwa na heshima.

Katika mji huo aliishi Mwanamize, mwanamke aliyesomesha watoto Kurani. Mumewe, Makame, alitumbukia kisimani akafa. Kisima hicho alikichimba jirani yao, Shekuwe, akakiacha wazi. Wazee wakakaa, wakasema ni kadari, yaishe. Kwa Mwanamize hayakuisha. Kila alipotandika kitanda, nafsi yake ilimwambia: yule anakula, yule anacheka, wako yuko mchangani. Akaisikiliza mpaka ikawa ndiyo bwana, naye mtumwa.

Adhuhuri moja alichukua panga akaenda kwa Shekuwe. Alimkuta barazani amelala chali juu ya mkeka, kinywa wazi. Akainua mkono. Hapo ikamjia aya aliyozoea kuwasomesha watoto, kwamba Mwenyezi Mungu huzichukua roho za wanaofariki, na za walio hai huzichukua usingizini. Zile huzizuia, hizi huzirudisha mpaka muda wake ufike.

“Basi huyu hayumo,” alinong’ona. “Roho yake iko kwa Mwenyewe. Nitamkata nani?”

Akaketi amngoje. Na katika kungoja, ile nafsi iliyokuwa ikimwamuru ikageuka, ikaanza kumlaumu. Jua lilipopinda alikuwa akilia.

Shekuwe akafumbua macho, akaliona panga. Hakukimbia.

“Imerudi?” Mwanamize aliuliza.

“Nini, dada yangu?”

“Roho yako.”

“Imerudi. Tangu Makame afe sijapata usingizi ila leo. Kama umekuja kuichukua, sina neno.”

“Haikurudi yenyewe, Shekuwe. Imerudishwa, na mimi nimekaa hapa na panga. Inuka ukate magogo, tukifunike kile kisima.”

Wakakifunika pamoja. Hakumsamehe siku hiyo. Msamaha ulikuja baadaye sana, kidogo kidogo. Lakini alipotandika kitanda jioni ile, nafsi yake ilitulia.

Habari ikaenea mjini, na tangu hapo Kitungule hakuna amwamshaye mtu kwa kelele. Utaketi kando yake, umwite polepole, na akifumbua macho umuulize, “Imerudi?” Naye atajibu, “Imerudishwa.” Kisha nyote wawili mtanyamaza kidogo, kwa ajili ya wale ambao zao zilizuiwa.