Kamba ya Mchukuzi wa Vyungu

Bwana asifiwe. Nitawasimulia habari ya mtu mmoja, na tafadhali msianze kunong'onezana kwamba ni fulani wa mtaa fulani. Mtu huyu nimemtunga mwenyewe jana nikiwa navua viatu.

Alikuwa mchukuzi wa vyungu kwenye ziwa kubwa, lile ambalo ukisimama ufukweni huoni upande wa pili. Akina mama wa ng'ambo walifinyanga vyungu, naye akavipanga ndani ya mashua yake ya tanga, akatandika majani makavu kati ya chungu na chungu, akafunga mzigo, akavuka mpaka sokoni. Peke yake. Kwa nini peke yake? Kwa sababu nafasi ya mtu wa pili aliijaza vyungu. Watu wa namna hiyo mnawajua, wengine mmekaa nao benchi moja.

Sasa wewe uliyezoea basi, hebu nikueleze. Ukianguka kutoka kwenye basi, konda atapiga kelele na dereva atasimama. Mashua ya mtu mmoja ina dereva mmoja, na dereva ndiye aliyeanguka. Upepo haujui kwamba wewe humo chomboni. Usukani umeufunga mwenyewe kwa kamba ili upate kwenda mbele kurekebisha mzigo, kwa hiyo chombo kinaendelea na safari yake vizuri kabisa, bila wewe. Nani atakigeuza?

Ndiyo maana wachukuzi wa ziwa lile walikuwa na desturi yao. Anayesafiri peke yake anajifunga kamba kiunoni, na mwisho wake mwingine anaufunga kwenye mlingoti. Na kamba yenyewe waliikata fupi. Ukitaka kuegemea ukingoni, inakurudisha. Ukitaka kwenda nyuma, lazima uinuke, ufungue, ukafunge tena mahali pengine. Inaudhi jamani! Mchukuzi wetu akachoshwa nayo, akaenda kutafuta kamba ndefu. Mkewe akaiona siku anapakia.

"Baba watoto, kamba gani hii ndefu hivi?"

"Ili nifike kila mahali bila kufungua-fungua."

"Na majini je? Si itafika pia?"

"Lakini nitakuwa nimefungwa, mama watoto. Sitapotea."

Mkewe akaenda zake, kwa sababu mtu mwenye jibu huwa hasikii. Lakini ninyi mmesikia alichosema? Alisema hatapotea. Hakusema hataanguka.

Basi siku hiyo jua likiwa juu, upepo ukakaza. Chungu kimoja kikubwa kikaanza kulegea, upande ule ule unakotoka upepo. Akafunga usukani, akaenda mbele, akainama kukikamata. Wimbi likapiga ubavu wa mashua, miguu ikamteleza. Chungu kikabaki ndani. Aliyetoka ni yeye.

Kamba ikakaza. Ndugu zangu, kamba ilimshika kweli, kama alivyotegemea. Lakini ilimshika akiwa ameshafika majini, na mashua inamburuta. Akifungua mdomo avute pumzi, maji yanaingia. Akajaribu kujivuta kwa mikono, mwendo wa chombo ukamshinda. Ubavu wa mashua yake mwenyewe, mbao alizozipigilia misumari kwa mkono wake, anauona uko pale karibu, na hawezi kuugusa. Kisu anacho. Akikata kamba, mashua inakwenda zake na yeye anabaki katikati ya ziwa. Asipokata, anakunywa maji mpaka afe. Wewe ungefanyaje? Usijibu haraka.

Hakukata. Wala hakuwa na sala ndefu. Alisema "Mungu wangu," na pumzi ikaishia hapo.

Sasa sikilizeni, maana hapa mimi mwili hunisisimka. Uzito wake ulikuwa unauvuta mlingoti kuelekea kule alikokuwa, upande unakotoka upepo. Na polepole, pua ya mashua ikaanza kuugeukia upepo. Ikageuka, ikazidi kugeuka, mpaka tanga likakosa upepo wa kulijaza, likabaki linapigapiga kama shuka kwenye kamba ya kuanikia. Mashua ikasimama. Hapakuwa na mkono wowote kwenye usukani! Mtu asiyeweza hata kuita tena, kwa kule kuburutwa kwake tu, amekigeuza chombo kilichokuwa kinamuua. Nani aliyeliweka jambo hilo ndani ya upepo na maji, akaliacha likimsubiri bwana huyu tangu kabla hajazaliwa? Mimi sijui niseme nini mbele ya Mungu wa namna hiyo. Naogopa, na ninafurahi.

Akawahi kupanda kwa nyuma kabla tanga halijajaa tena, mguu mmoja juu ya usukani, akajitupa juu ya vyungu vyake. Akalia.

Jumapili yake kanisa zima lilisimama. Ushuhuda! Vigelegele, vitambaa vinapeperushwa, wazee wanacheza mpaka mmoja akapoteza miwani. Alialikwa makanisa ya jirani akasimulie, na kila mahali waliposikia alivyoburutwa walishika vichwa, na alivyopanda wakaruka juu.

Mwaka ukazunguka. Siku ya shukrani wakamwita tena mbele, kanisa limejaa, watu wameshajiweka tayari.

"Ndugu yetu," mchungaji wao akasema, "mwaka huu Bwana amekutendea nini?"

Akashika kipaza sauti. "Niliifupisha kamba. Sijaanguka."

Watu wakangoja.

"Endelea, ndugu."

"Nimemaliza, mchungaji."

Mtu akakohoa. Mchungaji akatazama saa, akaita kwaya. Yule bwana akarudi kukaa bila kupigiwa hata kigelegele kimoja.

Hao ndio sisi, wapendwa. Tumezoea kumpigia Mungu makofi akimtoa mtu majini, na tunaona hana la kusimulia yule aliyezuiwa asifike majini. Ndiyo maana tumerefusha kamba. "Nimeokoka, sitapotea," unasema, na kamba yako inafika baa, inafika kwenye simu ya mke wa mtu. Unataka kufika kila mahali kisha uvutwe! Aliyemgeuzia yule mchukuzi mashua ndiye huyo huyo aliyemshika kiunoni mwaka mzima uliofuata, mawimbi yakipiga, kimya kimya, bila mtu kushangaa. Kipi kikubwa zaidi? Mimi natetemeka kwa vyote viwili.

Yupo mama hapa ambaye wiki hii alitukanwa hadharani, akafunga mdomo. Yupo baba aliyeitwa mahali akakataa kwenda, akarudi nyumbani kula ugali na wanawe. Kila tukiomba ushuhuda mnatazama sakafu, mnasema hamna la kusema. Leo nawataka ninyi. Wewe uliyepigwa na upepo na hukuanguka, simama. Simama, mama, usione haya. Na ninyi wengine mnaonitazama, vigelegele vyenu viko wapi?