Mdomo wa Bi Nunu

Sogeeni niwape ya Bi Nunu, muuza vitumbua. Picha yake akibetua mdomo ilikuwa kwenye kila simu.

Tajiri Mbwera akamjia. "Bibi, nauza sarafu ya mtandaoni yenye sura yako. Njoo ubetue mdomo mbele ya kamera."

"Paa langu linavuja. Niezekee mabati kwanza."

Akaezeka.

"Unajua watu huituma lini picha ile, baba?"

"Ya nini? Maadamu wanaijua!"

Siku ya uzinduzi Mbwera akatangaza, "Sarafu hii itawatajirisha! Au siyo, bibi?"

Bi Nunu akabetua mdomo.

Watu wakavunjika mbavu, hakununua hata mmoja. Picha ile hutumiwa mtu anaposema uongo.

Mbwera akaja akifoka, mvua ikamkuta mlangoni.

"Ingia, baba, humu hamvuji tena."